Kazi ya hoteli ni elimu, tusiidharau

Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, mimi na walimu wenzangu wanne tulifanya jambo ambalo baadhi ya watu kijijini kwetu wangali wanalinong'oneza. Tunacho chama chetu kidogo cha kuweka akiba. Miaka yote tumekuwa tukigawana fedha zake na kununulia mabati, mbolea na sare za watoto. Mara hii tuliamua kuzitumia kwa matembezi ya siku mbili huko Naivasha: kuonja mvinyo, kula chakula cha jioni katika hoteli ya hadhi, na kuendesha baiskeli katika mbuga ya Hell's Gate.

"Walimu wanakwenda kulewa," alisema jirani yangu mmoja. Siku hiyo sikumjibu. Leo namjibu, ingawa jibu lenyewe silo alilolitarajia yeye, wala silo nililolitarajia mimi.

Naivasha si mbali. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na ziwa lake liko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Wanafunzi wa Jiografia watakumbuka kwamba maji ya ziwa hilo si ya chumvi, ingawa hakuna mto unaotoka ndani yake, kwa sababu sehemu ya maji hupenya chini ya ardhi na kwenda zake. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Nimekuwa mwalimu kwa miaka 27, nafundisha Kemia, na sikuwa nimewahi kulala hata usiku mmoja kando ya ziwa hilo.

Jioni ya siku ya kwanza tuliketi barazani mwa hoteli, mezani pakiwa pamepangwa bilauri nyingi kuliko watu. Akaja kijana aliyevaa fulana nyeupe na tai nyeusi, akiwa amebeba chupa tatu. Alipofika kwangu alisimama, akatabasamu, akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Nilimtambua. Alikuwa mwanafunzi wangu, na jina lake nalihifadhi. Nilikumbuka pia jambo jingine ambalo lilinifanya niinamishe macho. Alipokuwa katika Kidato cha Tatu nilimwita ubaoni aandike mlinganyo wa namna sukari inavyogeuka kuwa kileo. Alishindwa. Nami, mbele ya wanafunzi zaidi ya 40, nikamwambia kwamba mtu kama yeye ataishia kumimina chai hotelini. Darasa zima liliangua kicheko. Nilicheka nao.

Sasa alikuwa mbele yangu, na zamu ya kufundisha ilikuwa yake.

Alianza na mvinyo mweupe wa humu nchini, uliotokana na zabibu za aina ya Sauvignon Blanc. Alitueleza kwamba upo mvinyo unaotengenezwa karibu na Naivasha uliopewa jina la mleleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu chenye harufu nzuri kinachoota kwa wingi katika Bonde la Ufa. Akatueleza kwamba huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi kali na kuamka joto linaporejea. Hapa kwetu, karibu na ikweta, hakuna baridi ya namna hiyo. Ni lazima mkulima aupogoe mti na kuulazimisha upumzike, la sivyo utachipua ovyo na kuchoka. Kwa hiyo hapa anayeamua msimu ni mkulima mwenye makasi. Ndiyo maana wenzetu wa Dodoma, nchini Tanzania, huweza kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Nacho kimo cha nchi hutupa usiku wenye baridi, na baridi hiyo huhifadhi ule uchachu unaofanya mvinyo usiwe maji ya sukari.

Kisha akaja kwenye somo langu. Alisema kwamba hamira hula sukari ya zabibu na kutoa kileo pamoja na hewa ya kaboni. Kwamba ukiliacha joto lipande kupita kiasi hamira itakufa kabla ya kumaliza kazi yake. Kwamba maji ya zabibu yakitenganishwa mapema na maganda mvinyo utakuwa mweupe, na yakichachuka pamoja na maganda ya zabibu nyeusi utakuwa mwekundu. Hakukosea hata neno moja. Mimi niliyeuandika mlinganyo huo ubaoni kwa miaka 27 sikuwa nimewahi kusimama nikanusa kile ninachokifundisha.

Chupa ya mwisho ilitoka Afrika Kusini. Alitwambia kwamba mvinyo wa kwanza wa Rasi ya Tumaini Jema ulikamuliwa mwaka 1659, katika koloni lililojengwa kwa jasho la watumwa, na kwamba kwa miaka mingi vibarua wa mashamba ya mizabibu huko walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iliyoacha ulevi na maradhi katika jamaa zao. "Kwa hiyo, Mwalimu," alisema, "anayeonja na ajue pia anaonja nini." Hapo hapo akatuonyesha chombo kidogo cha kutemea. Mwonjaji halisi hutema. Kazi yake ni kutambua, na mlevi hawezi kutambua chochote.

Hata hivyo, si ujuzi huo wa mvinyo ulionitikisa zaidi. Wawili kati yetu hawatumii kileo: mmoja ni Mwislamu na mwingine ni mzee wa kanisa. Kijana hakuwauliza kwa sauti. Aliona mikono yao ilivyokuwa mbali na bilauri, akaziondoa taratibu, akawaletea maji ya matunda ya karakara yaliyopoa, akayamimina kwa heshima ile ile na kuwaeleza yalikotoka. Chakula kilipofika, walileta kamba wa maji baridi, wale ambao asili yao ni Marekani na walioingizwa ziwani humo mwaka 1970. Mwenzetu mmoja, mama wa makamo, alishika uma usiofaa na kutazama huku na huku kwa haya. Kijana alipita nyuma yake kana kwamba anaokota kitambaa, akamwekea ule uma unaofaa karibu na mkono, akaenda zake. Hakuna mwingine mezani aliyeona isipokuwa mimi.

Nilijiuliza: Ni nani kati yetu wawili aliyehitimu? Yeye alipomwona mtu amekosea mbele ya wenziwe, alimsitiri. Mimi nilipomwona mtu amekosea mbele ya wenziwe, nilimfanya kichekesho.

Baada ya chakula nilimfuata barazani nikamwomba radhi. Hakujifanya amesahau. Alisema kwa upole, "Mwalimu, ulisema chai. Na kweli nilianza na chai. Miaka miwili nilikuwa nawamiminia chai wafanyakazi wa jikoni." Kisha akaongeza jambo ambalo sijaweza kulisahau. Kwa miaka mitatu ya kwanza alimwambia baba yake kwamba anafanya kazi ofisini. Alikuwa akituma pesa nyumbani kila mwezi, na kila mwezi alikuwa akituma uongo pamoja nazo, kwa sababu aliona aibu. Aibu hiyo hakuzaliwa nayo. Alifunzwa darasani, na mwalimu wake nilikuwa mimi.

Asubuhi yake tuliingia Hell's Gate kwa baiskeli. Mbuga hiyo iliyotengwa mwaka 1984 ni mojawapo ya chache humu nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, twiga na pundamilia wakiwa wanamtazama. Hapo karibu ni Olkaria, ambako tangu mwaka 1981 mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme. Wenzangu walikuwa na hamu ya kuteremka korongoni. Kiongozi wetu, kijana wa Kimaasai, aliegemeza baiskeli yake, akatazama wingu lililokuwa limetanda mbali sana na pale tulipokuwa, akasema hatuteremki. Kwetu jua lilikuwa linawaka. Tulinung'unika. Ndipo akatukumbusha kwamba mwaka 2012, na tena mwaka 2019, maji ya ghafla yaliwaua watu waliokuwa mle ndani, na kwamba mafuriko ya korongo hutokana na mvua iliyonyesha kwingine. Tulinyamaza. Kwa mara ya pili katika siku mbili, walimu watano walifundishwa na kijana ambaye huenda shuleni kwetu tungemwita mzembe.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Mara ngapi tumezitumia kazi za watu kama fimbo ya kumchapia mwanafunzi? "Utakuwa makanga." "Utaosha vyombo." "Utamimina chai." Tunadhani tunamhimiza asome. Kumbe tunamfunza mambo mawili mabaya: kwamba wanaofanya kazi hizo si watu, na kwamba yeye naye, akiangukia huko, hatakuwa mtu. Katika darasa hilo hilo pana mtoto ambaye mama yake huosha vyombo ili alipe karo inayotulisha sisi.

Najua baadhi watasema kwamba kazi ya hoteli ni utumwa wa kuwanyenyekea wageni, mabaki ya enzi za ukoloni. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Zilikuwapo hoteli ambazo Mwafrika hakuingia ila kwa mlango wa jikoni. Lakini dawa ya dhuluma hiyo si kumdharau aliyeko jikoni. Dawa ni kumpa elimu, mshahara wa haki na mkataba, na sisi wenyewe kuketi mezani humo kama wenye nchi. Serikali ilitambua hivyo zamani, ndiyo sababu Chuo cha Utalii kikaanzishwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi. Yeyote anayedhani kwamba kuwahudumia watu hakuhitaji kusomewa na aulize wanachofunzwa walio pale.

Kwa waajiri nina neno moja. Heshima isiyo na malipo ni porojo. Janga la korona lilipozuka mwaka 2020 na hoteli zikafungwa, wahudumu wengi walirudi vijijini mikono mitupu, pamoja na wale waliokuwa wametumikia miaka mingi. Hauwezi kuwa ujuzi wa kujivunia ikiwa mwenye ujuzi huo hana akiba ya kumvusha hata miezi mitatu.

Kwa wanafunzi, msije mkasema mwalimu amewaruhusu kunywa. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho, ililetwa Bungeni na aliyekuwa mbunge wa Naivasha hiyo hiyo, na inakataza kumuuzia kileo mtu asiyetimiza umri wa miaka 18. Ninachowaomba ni kwamba shule zinapowapeleka matembezi msiridhike na kuwahesabu twiga. Ombeni mwonyeshwe jiko la hoteli. Muulizeni mpishi kwa nini nyama hupumzishwa baada ya kuchomwa. Muulizeni mkulima kwa nini anaupogoa mzabibu. Mtaala wa umilisi ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 unadai kwamba mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kutenda. Basi na tuwaendee wanaotenda.

Na kwa jirani yangu: La, hatukulewa. Tulirudi tukiwa na akili timamu kuliko tulivyoondoka, na fedha za chama zilitumika vyema kuliko mwaka wowote wa mabati. Shule zilipofunguliwa, siku ya kwanza darasani niliandika ule mlinganyo ubaoni. Kisha nikawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki chote, pamoja na kosa langu, bila kujisitiri. Hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye hajawahi kuinua mkono katika somo langu, aliinua mkono na kuniuliza mtu akitaka kusomea kazi ile aanzie wapi.

Wahenga walisema kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Ningependa kuongeza kwamba kazi iliyofanywa kwa ujuzi na kwa utu haina ubaya wa kuonewa haya. Anayestahili kuona haya ni yule aliyeicheka.