Mpe Mtoi Daftari, Ufagio Anao

Tangu Januari 2026 kila mwanafunzi wa Gredi ya 10 ana somo la lazima la huduma kwa jamii. Jina tamu. Sasa unadhani litafundishwaje? Watoto watapewa ufagio na tisheti za rangi moja, watazoa taka sokoni Jumamosi asubuhi, mwalimu atapiga picha, picha itaingia grupu ya wazazi. Jumatatu taka zimerudi. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini lori la kaunti halipiti.

Kuuliza hivyo ni kazi, na ina ufundi wake: uanahabari.

Simaanishi ile klabu ya kusoma vichwa vya magazeti kwenye gwaride. Wala lile jarida la mwisho wa mwaka lenye picha za mwalimu mkuu kurasa nne za kwanza. (Letu lilikuwa na makala kuhusu wadudu kwenye maharagwe. Lilipochapishwa, mahali pake palikuwa na shairi la kuisifu bodi.) Namaanisha kwenda kwenye bomba lililokauka. Kumuuliza muuza maji mtungi wa lita 20 anauuza pesa ngapi na yeye mwenyewe anaulipia ngapi. Kusoma bajeti ya kaunti mpaka uipate wadi yako, kisha kumpigia MCA na kuandika alichosema, hata kama ni matusi. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka vichochoro na vifaa vya GPS wakichora vyoo, shule na vituo vya maji, maana kwenye ramani za mtandaoni mtaa wao ulikuwa karibu tupu. Hakuna aliyewapa ufagio.

Mtu wa miaka 16 hapigi kura, sawa. Lakini Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kila raia, si kila mwenye kitambulisho. Sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi. Barua ya ukurasa mmoja tu! Mimi nimepitia shule ya msingi, ya upili na nusu ya chuo kikuu kabla ada kunishinda, na hakuna aliyenifundisha kuiandika. Barua ya kuomba kazi tulifundishwa, na kazi zenyewe unazijua.

Watasema hao ni watoto, watajiingiza taabani. Kwani sasa wako wapi? Aprili 2025 wasichana wa Butere walipeleka mchezo wa kuigiza Nakuru, polisi wakarusha vitoa machozi, nao wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Na simu wanazo. Wanarekodi ajali, mwizi akipigwa, jirani akilia, na kutuma kabla ya kuuliza kimetokea nini. Mafunzo ndiyo yatawalinda: ficha uso wa mtoto aliyeumizwa, tafuta shahidi wa pili, mpe anayelaumiwa nafasi ya kujibu, na kuna stori unamwachia mtu mzima.

Kwa hivyo mwalimu, muhula huu chagua bomba moja karibu na shule. Andikeni barua, pigeni nakala, hesabuni siku 21. Zikipita kimya, pelekeni malalamiko kwa Ombudsman, na nakala mbandike langoni siku wazazi wanakuja.