Dogo kaninunia kisa gemu!

Wiki hii kwangu hapakaliki. Laptopu yetu ni kuukuu, na Windows 10 muda wake wa kawaida wa matunzo uliisha Oktoba 14, 2025. Mimi kwa ujanja wangu nikaifuta, nikaweka Linux ya bure.

Dogo akaruka: “Bro, gemu zangu je?”

Nikamwambia tulia. Ipo programu iitwayo Wine, imeanza mwaka 1993. Kazi yake ni ukalimani: gemu inaongea Kiwindows, Wine inaitafsiria Linux. Mwaka 2018 Valve wakatoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine hiyo hiyo, wakaiweka ndani ya Steam. Unabonyeza, unacheza.

Kweli, Skyrim ikakubali, dogo meno nje. Akafungua ile ya mtandaoni anayocheza na washikaji zake kila Jumamosi. Ikagoma! Baadhi ya gemu, kama Valorant, zina mlinzi wa kunasa wadanganyifu, na mlinzi huyo Linux haitaki kabisa.

Nimeomba radhi, bado kanuna. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujafuta Windows, muulize mwenzio anacheza nini, na anacheza na nani. Tukutane wiki ijayo!