Pima kwanza, betri utanunua baadaye
GEREJI YA JUMATANO, na Hamisi Mwakaleli

Toyota Hilux za kizazi kilichoanza kutoka mwaka 1988 bado zinabeba mchanga, samaki na ndizi kuanzia Tanga hadi Malindi. Injini zake za dizeli hazifi ovyo. Kinachowatoa jasho wenye nazo ni umeme: leo stata inakoroma, kesho ukiwasha indiketa, taa nyingine ya nyuma inakonyeza nayo.

Mwenye gari hununua betri mpya. Tatizo likirudi, anabadilishiwa alteneta. Likirudi tena, anaambiwa nyaya zote zimechoka.

Taa inayokonyeza haihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Umeme wake hurudi kwenye betri kupitia bodi na chasisi. Pale waya wa ethi ulipofungwa pakiliwa na kutu, umeme hutafuta njia nyingine, mara nyingi kupitia balbu ya jirani. Maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye matenga ya samaki huharakisha kutu hiyo. Dawa yake ni msasa na spana.

Kwa stata, mafundi wenye mita hugusisha waya wake mmoja kwenye ncha hasi ya betri na wa pili kwenye bloku ya injini, kisha mtu anapiga stata. Mita ikivuka nusu volti, ethi ya injini ni mbovu. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi; injini ikiwaka, chaji hufika kati ya 13.8 na 14.5. Haya yote ni kazi ya dakika chache, na hakuna bolti iliyofunguliwa.

Betri inayolala nzima ikaamka imekufa inataka subira zaidi. Kila kitu huzimwa, mita ya ampea hukaa kati ya ncha hasi na waya wake, na fyuzi huchomolewa moja moja hadi namba ishuke. Ampea moja tu inayovuja humaliza betri ya ampea-saa 60 kwa siku mbili na nusu.

Lakini gereji nyingi bado "hupima" alteneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka, jambo linaloweza kurusha volti juu ghafla na kuua daiodi za alteneta hiyo hiyo. Wengine huzungushia fyuzi iliyokatika waya wa shaba. Siku ya shoti, kinachoungua ni nyaya za ndani ya dashibodi.

Lawama si za fundi peke yake. Aliyehangaika saa mbili akakuta bolti imelegea hupewa hela ya soda. Aliyeuza alteneta anaondoka na faida. Kwa malipo ya namna hiyo, nani atajisumbua kununua mita?

Wenye mikweche wakubaliane na fundi bei ya kupima kabla boneti haijafunguliwa, na waone namba kwenye mita kabla ya kutoa hela ya kifaa chochote.