Mtu wa mine naye anahitaji mlango wa kufunga

Kitabu Germinal cha Émile Zola kilitoka mwaka 1885. Watoto wetu wanakikuta ku masomo, na wengi wanabaki na kumbukumbu moja tu: mgomo, na watu wa njaa wanaodai mkate mu barabara. Mimi leo ninataka tuangalie kitu kidogo zaidi ndani yake: chumba cha kulala.

Zola alienda mwenyewe ku mine za makaa za Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1884, mbele ya kuandika. Akatujengea nyumba ya mzee Maheu, mchimbaji, mu kambi ya wafanyakazi. Ndani wako watu kumi: baba, mama, watoto saba na babu. Juu kuko chumba kimoja na vitanda vitatu. Kitanda cha baba na mama kiko mu kipito, pamoja na kitoto kinachonyonya. Babu Bonnemort anafanya kazi ya usiku. Asubuhi wajukuu wakitoka mu kitanda, yeye anaingia, matela ikingali na joto. Ukuta nao ni mwembamba: jirani akikohoa, munamusikia.

Nani kati yetu anahitaji kufasiriwa jambo hili? Mu nyumba niliyokomalia, baba alikuwa anarudi kutoka posti ya usiku na kulala mu kitanda chetu sisi watoto. Mama alitufukuza inje: « Mwende kule, baba analala! » Siku mdogo wake alipofia ku mine, baba alirudi, akala bukari, akajilaza, akageukia ukuta. Mama yeye alienda kulia mu jikoni. Tulipomuuliza, akajibu: « Ni moshi. » Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba siku ile makala hayakuwa yamewashwa.

Ndiyo sababu ninasema: huzuni, aibu na mapendo vinahitaji mahali. Waandishi wa zamani wa Ufaransa walijua hilo. Mu Madame Bovary ya Flaubert, ya mwaka 1857, Emma anapokea barua ya mwanaume anayemwacha, imefichwa mu kitunga cha matunda. Anakimbilia chumba chake, anakuta bwana yake iko ndani. Anapanda mpaka juu kabisa, chini ya paa, ndipo anasoma. Karibu ajitupe chini ku dirisha. Kisha mtumishi anakuja kumuita: supu iko mezani. Anashuka, anakaa mbele ya bwana yake, na bwana anakula matunda ya kile kitunga. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vingi, lakini yeye hakukuwa na kimoja.

Mtu mmoja ataniambia: « Shi hayo ni mambo ya watajiri! Sisi tuko na deni, tuko na masomo ya kulipa, weye unatuletea habari ya vyumba. » Ninamwelewa. Lakini turudie Germinal. Catherine, binti ya Maheu, na Étienne, kijana anayepangishwa mule, wanapendana. Wanalala mu chumba kimoja, kila usiku wanavua nguo karibu-karibu, wadogo wako pale. Je, wanasemezana? Hapana. Juu ya kukaa pamoja kila saa, mapendo yanakosa nafasi ya kupata neno. Catherine anaenda kwa mwanaume mwingine anayemupiga. Siku wanapoweza kukumbatiana na kusema yote, ni chini ya mine iliyojaa maji, mu giza, na maiti ya yule mwanaume inaelea pembeni yao. Catherine anafia pale. Chumba chao cha kwanza kilikuwa ni kaburi.

Sisemi kwamba chumba kinaponya kila kitu. Mu kitabu kilekile, bwana Hennebeau, mkubwa wa mine, iko na nyumba kubwa. Siku ya mgomo anaingia mu chumba cha mpwa wake, anakuta kichupa cha bibi yake mu kitanda. Anajua yote hapo, wakati inje watu wanapita wakilalamikia mkate. Na yeye anawaonea wivu! Balzac naye, mu Eugénie Grandet ya mwaka 1833, anatuonyesha baba anayemfungia binti mu chumba, kwa mkate na maji, sababu alimpa binamu yake zahabu. Mlango uliofungwa na mwingine ni gereza. Mlango ninaosema ni ule unaofungwa na mwenye kulia mwenyewe.

Basi, tufanye nini? Kwa wanaojengea wafanyakazi nyumba, ninaomba: musihesabu tu vitanda, muhesabu na milango. Mtu anayeshinda ndani ya shimo na wengine, bega kwa bega, akirudi anahitaji mahali pa kuwa peke yake hata kidogo.

Lakini tusingojee wakubwa. Rido moja yaweza kugawanya chumba. Kupiga hodi mbele ya kuinua rido ni bure, hata kwa mtoto. Binti akirudi na macho mekundu, usimwite mbele ya wageni: « Unalia nini? Kuja hapa! » Mwache nusu saa, kisha mama amfuate polepole. Na baba akirudi ku kazi na habari mbaya, wengine watoke kidogo inje, yeye abaki. Mwanaume analia pia, akipata mahali.

Baba yangu hakupata. Aligeukia ukuta tu, na sisi watoto tukasema amelala. Mpaka leo sijui alitaka kutuambia nini juu ya mdogo wake. Kama nyumbani kwenu kuko mtu anayegeukia ukuta, mupatie kwanza nafasi. Kisha, kesho, mukae karibu naye.