Tumbo limepunguzwa, barabara ni ileile

BASI la usiku kutoka Nairobi kwenda Kampala hufika Busia au Malaba saa ambazo watu wengi wamelala. Abiria hushuka, hupanga foleni ya pasipoti, kisha husogea kwenye meza za chapati, chipsi, maandazi na soda baridi. Kwa mfanyabiashara aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, dakika hizo chache za mpakani zina uzito wa pekee. Zikirudiwa mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, ndizo zinazoamua kama mamilioni aliyolipa hospitali yamemsaidia au yamepotea.

Upasuaji huu si habari ya watu wa mbali tena. Unafanyika Nairobi. Dar es Salaam unafanyika pia, ikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila, ambako wapo pia wanaowekewa puto tumboni. Wengine huufuata India, na wapo waendao Istanbul kununua nguo wakarudi na marobota pamoja na matundu madogo ya upasuaji tumboni. Mtaani husemwa fulani "amekata utumbo", ingawa katika aina inayofanywa zaidi kinachokatwa ni mfuko wa chakula wenyewe: takriban asilimia 75 hadi 80 yake huondolewa, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Aina nyingine huacha kifuko kidogo kama yai na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu ya njia yake ya kawaida.

Mwaka wa kwanza huwa wa furaha. Sehemu ya mfuko iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi homoni ya njaa, hivyo hata hamu ya kula hupungua. Nguo hulegea na magoti huacha kulalamika. Mwenye kisukari au shinikizo la damu mara nyingi hupunguziwa dawa. Kisha, baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, uzito husimama, na kwa wengi kiasi fulani hurudi. Kurudi kilo chache ni kawaida ya mwili. Hatari ni pale kilo chache zinapokuwa kumi, kisha ishirini, na mwenyewe akaanza kukwepa mizani.

Wengi hudhani aliyenenepa tena amerudia sahani kubwa ya pilau. Mara nyingi hawezi, kwa sababu tumbo lake halina nafasi hiyo. Anachofanya ni kudonoadonoa: andazi moja Namanga, kipande cha chapati baada ya forodha, pakiti ya biskuti akisubiri lori la mzigo, juisi ya miwa sokoni, kashata mbili njiani kurudi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomshibisha, na hapo ndipo ilipo hila yake. Nyama, maharage na samaki hukaa katika mfuko mdogo na kumwambia mtu "basi". Biskuti, chipsi laini na vinywaji vitamu huteleza na kupita, mlango ukabaki wazi kwa kingine. Nusu lita ya soda ya kawaida ina sukari inayokaribia vijiko 12 vya chai, na hakuna daktari wa upasuaji aliyewahi kushona tumbo la kuizuia soda.

Sukari hiyo ina madhara mengine ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyajua kabla hayajamkuta peke yake. Kwa waliounganishwa utumbo hasa, kitu kitamu huingia kwenye utumbo kwa kishindo, na ndani ya nusu saa moyo hudunda, jasho hutoka na tumbo huendesha. Wengine hupatwa baadaye, saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya damu inaposhuka ghafla: kizunguzungu, mikono kutetemeka, macho kuona ukungu. Mtu akipatwa na hali hiyo akiwa kwenye usukani, au amesimama kituoni na fedha za mtaji kiunoni, tatizo si uzito tena.

Kinachochelewesha wengi kurekebisha mambo ni aibu. Mama wa vitenge aliyewaambia wateja wake kuwa alipungua kwa kufunga na kutembea hawezi kukataa soda anayoletewa dukani bila kuulizwa maswali. Mwenyeji wake Kariakoo au Gikomba amempikia kuku mzima, na kula vipande viwili ni kama kumtukana. Kwenye chama chao wapo waliomkopesha kwa ajili ya matibabu, na sasa wanamtazama kiunoni. Basi huyu hula kidogo mbele za watu, akaenda kudonoa gizani ndani ya basi. Kliniki nayo huikimbia, kwa kuwa anaogopa kukaripiwa na muuguzi. Wapo wauguzi wanaokaripia, na hilo nalo lisemwe: mgonjwa aliyerudi na kilo nane zaidi amefanya jambo sahihi kurudi, na neno la kwanza analopaswa kulisikia ni karibu.

Kurudi kwenye utaratibu wa mlo si adhabu, wala si kuanza upya na supu na maji kama wiki ile ya kutoka hospitali. Zipo ratiba za siku tano za kunywa majimaji tu zinazodaiwa kurudisha tumbo katika udogo wake. Tumbo halirudi hivyo. Mtu hushinda njaa siku tano, na siku ya sita hula kwa hasira. Kinachofaa ni kurudi kwenye kanuni alizoelekezwa siku ya kwanza na kuzipanga upya zilingane na barabara anayoipita.

Aanze na daftari. Mfanyabiashara huandika kila gunia na kila ushuru. Kwa siku tatu au nne za safari aandike pia kila kinachoingia kinywani, saa yake na mahali pake. Wengi hushangaa kukuta hawajala mlo hata mmoja wa kueleweka, ila wameweka kitu mdomoni mara kumi na mbili. Hapo kazi inajulikana: kurudisha milo mitatu yenye saa, pengine na kitafunwa kimoja kilichopangwa, na kufunga mdomo katikati.

Katika kila mlo, protini itangulie. Wataalamu wengi huelekeza gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo mayai mawili ya asubuhi ni mwanzo tu. Habari njema ni kwamba mipaka ya Afrika Mashariki haina uhaba. Muuza mayai ya kuchemsha na kachumbari yupo karibu kila kituo. Dagaa, ambao Kisumu huitwa omena, Kampala mukene na Bujumbura ndagala, hubebeka na haharibiki haraka. Kuna maharage, choroko, maziwa mgando yasiyo na sukari, kuku wa kuchemsha, na mishikaki ambayo Kigali na Bujumbura huitwa brosheti. Nyama ya kuchoma ikiwa ngumu ikatwe vipande vidogo na kutafunwa hasa, la sivyo itakwama na kutapisha. Baada ya protini zifuate mboga, na mwisho kabisa kijiko kimoja au viwili vya ugali, wali au matoke kama nafasi ipo. Mwaka mmoja baada ya upasuaji wengi hutosheka na chakula kinachojaa kikombe cha chai. Mwenye mgahawa akinuna kwa kuagizwa nusu sahani, alipwe bei ya sahani nzima na kinachobaki kifungashwe.

Ugumu uko kwenye muda. Mlo wa tumbo lililopunguzwa unataka dakika 20 hadi 30, na basi husimama dakika hizohizo ambazo zinagawanywa na choo pamoja na foleni. Anayekula kwa kukimbizwa na honi humeza bila kutafuna, hutapika njiani, kisha hujifunza kuchagua vitu laini visivyomtapisha. Ndivyo maandazi yanavyorudi. Ni afadhali ale nyumbani kabla ya kutoka, hata kama ni saa 10 alfajiri, na chakula cha pili akifunge kwenye kibebeo na kukila taratibu kitini, basi likiwa barabara ya lami. Chakula cha kituoni kiwe cha dharura.

Maji nayo yana kanuni yake. Hayanywewi pamoja na chakula, bali nusu saa baadaye, kwa sababu huharakisha chakula kupita na mtu akasikia njaa mapema. Lakini lita moja na nusu kwa siku, kwa mafunda madogomadogo, ni lazima. Hapa wanawake wa mipakani wana kisa chao: wengi hawanywi kabisa wakiwa safarini kwa kuogopa vyoo vya njiani, ama kwa uchafu, ama kwa kuwa dereva hatasimama. Kiu hiyo baadaye huonekana kama njaa na hujibiwa kwa soda. Halmashauri na kaunti zinazokusanya ushuru wa vituo vya mabasi zina deni hapa, na halihitaji kikao cha mawaziri kulipwa.

Pombe isemwe kwa kifupi: baada ya upasuaji hupanda kichwani haraka na kwa kiasi kidogo kuliko zamani, na sukari yake ni uzito. Dawa za maumivu nazo ziangaliwe. Diklofenaki na brufeni, zinazonunuliwa kama pipi na watu wanaobeba mizigo, zinaweza kuleta vidonda, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo. Mgongo ukiuma, amuulize daktari dawa nyingine.

Vitamini ndizo zinazosahaulika kwanza. B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D hutumiwa maisha yote, kwa vipimo vya damu vya kila mwaka, hata kama mtu amenenepa tena. Mwili unaweza kuwa mnene na bado ukapungukiwa. Ganzi ya miguu, uchovu usioisha, nywele kukatika kwa wingi na weupe wa viganja ni mambo ya kupimwa. Kutapika kila siku, maumivu makali ya tumbo au choo cheusi kama lami havingojei mzigo ufike. Na mwanamke aliyefanyiwa upasuaji karibuni ajue kwamba ujauzito hushauriwa usubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na kwamba uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi ghafla uzito unapopungua.

Uzito uliorudi si mara zote kosa la mwenyewe. Mrija unaweza kuwa umetanuka, dawa za maradhi mengine zinaweza kuongeza kilo, na usingizi wa safari za usiku una mchango wake. Hayo huchunguzwa hospitali. Hayatibiwi kwa chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwa mkono, wala kwa sindano za kupunguza uzito zinazovushwa ndani ya mikoba. Sindano hizo kabla ya kuanza kutumika hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa kutwa nzima juu ya injini ya basi haijulikani tena ni nini.

Linabaki jambo ambalo mfanyabiashara hawezi kulimaliza peke yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na tangu hapo vituo vya pamoja vya mipakani vimefupisha safari ya mahindi, simenti na nguo. Faili la mgonjwa bado halina kituo cha pamoja. Aliyepasuliwa Nairobi akitapika damu Kahama, daktari wa zamu hana namna ya kujua kama amekatwa mfuko au ameunganishwa utumbo, na majibu ya maswali hayo mawili ni tofauti. Aliyepasuliwa ng'ambo pengine amebeba karatasi zilizoandikwa kwa lugha isiyosomeka hapa. Miadi ya kufuatiliwa hupangwa katika mji alikopasuliwa, siku ambayo yeye yuko Rusumo au Mutukula na mzigo.

Wizara za afya za nchi wanachama zinaweza kukubaliana juu ya karatasi moja, kwa Kiswahili na lugha ya hospitali, ambayo kila aliyefanyiwa upasuaji huu atoke nayo: aina ya upasuaji, tarehe, uzito wa siku hiyo, vitamini anazotumia, dawa anazokatazwa, na dalili za hatari. Hospitali za miji ya mipakani ziruhusiwe kufanya vipimo vya mwaka na kutuma majibu kwa simu. Vyama vya wafanyabiashara, ambavyo vinajua kukusanya wanachama kwa ajili ya kodi, vinaweza kumwalika mtaalamu wa lishe siku ya soko. Hadi hayo yafanyike, mgonjwa aiombe karatasi hiyo mwenyewe kabla ya kulipa bili ya mwisho. Ukurasa mmoja unatosha, nao unakaa vizuri ndani ya pasipoti, kando ya kadi ya njano.