Wahamao vyama Nyanza Kusini na kilio cha ‘Dume’

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, mwanasiasa wa Homa Bay au Migori anayekiacha chama kinachopendwa na wengi kwao huitwa msaliti kabla hajapata nafasi ya kueleza sababu zake. Neno hilo hutamkwa kana kwamba lilirithiwa pamoja na ardhi na ziwa. Anayeichunguza historia ataona kuwa umri wake unajulikana, na kwamba palikuwa na wakati ambapo Nyanza Kusini haikulihitaji.

Machi 1966, mkutano wa wajumbe wa KANU uliofanyika Limuru uliufuta wadhifa wa makamu wa rais wa chama uliokuwa wa Jaramogi Oginga Odinga, na mahali pake wakawekwa makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa. Aprili, Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais wa nchi, akashika uongozi wa Kenya People’s Union, chama kilichomeguka kutoka KANU ili kumpinga Rais Jomo Kenyatta, hasa kuhusu ardhi na wasio nayo. Wabunge wapatao 30 wakatoka pamoja naye. Serikali ikairekebisha Katiba kwa haraka, kwamba mbunge anayekihama chama kilichomdhamini atapoteza kiti chake. Katika uchaguzi mdogo wa Juni viti 29 vya mabunge yote mawili viligombewa, na KPU ikapata tisa. Bildad Kaggia alianguka Kandara, Achieng Oneko akaanguka Nakuru.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba aliyeongoza mapambano dhidi ya Odinga alikuwa Tom Mboya, katibu mkuu wa KANU, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, katika kaunti inayoitwa leo Homa Bay. Samuel Ayodo wa Kasipul naye hakutoka KANU. Ngome ya chama kipya ilikuwa Nyanza ya Kati, upande wa Bondo na Kisumu. Waluo, ambao siku hizi huelezwa kama watu wa kauli moja, walikuwa na kauli mbili nzito, na kila moja ilikuwa na msomi wake, mfadhili wake na umati wake. Kumfuata Mboya hakukumtoa mtu katika jamii yake.

KPU haikuruhusiwa kushindwa na wapiga kura. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 1968, wagombea wake wote, wapatao 1,800, waliondolewa kwa madai kwamba fomu zao hazikujazwa ipasavyo, huku wale wa KANU wakipita bila kupingwa. Mimi hufundisha lugha, na katika kazi hiyo nimeona makosa ya kila aina. Sijapata kuona darasa ambalo wote wa upande mmoja wa chumba hukosea na wote wa upande wa pili hupatia.

Kisha, tarehe 5 Julai 1969, Mboya akapigwa risasi jijini Nairobi. Katika misa ya wafu kwenye kanisa la Holy Family umati uliofurika nje ulimpokea Rais kwa kelele za ‘Dume! Dume!’ Fahali ilikuwa alama ya KPU. Mtu aliyekivunja chama hicho mbavu analiliwa kwa mwito wa chama hicho hicho! Hata lugha ya mwito wenyewe inafaa kuangaliwa. Mluo ana neno lake la fahali, rwath, lakini kilio kilikuwa cha Kiswahili, nami naona humo mabaki ya chama kilichokusudia kusikika Kandara na Nakuru sawa na Bondo. Siku ile neno lilibadilika maana. Lililokuwa hoja juu ya ardhi likawa jina la msiba wa jamii moja, na Rusinga na Bondo zikaungana kwa huzuni jambo ambalo hazikuungana kwa kura.

Muungano huo haukupata hata miezi minne. Oktoba 25, ziara ya Kenyatta mjini Kisumu iliishia kwa risasi za polisi na vifo ambavyo idadi yake rasmi, 11, ingali inapingwa. Oktoba 30 KPU ikapigwa marufuku, na viongozi wake wakazuiliwa. Kwa zaidi ya miaka 20 hapakuwa na upinzani wa kisheria wa kuulizwa swali lolote; palikuwa na uaminifu tu, na uaminifu haujibiwi kwa hoja.

Ndiyo maana vyama vingi viliporudi, watoro wa Nyanza Kusini walipata taabu. Naam, Okoth Obado aliutwaa ugavana wa Migori mwaka 2013 kwa tiketi ya PDP, si ya ODM. Lakini mwaka 2014 Dalmas Otieno, mbunge wa Rongo, alipoanzisha vuguvugu la Kalausi kuupinga uongozi wa Raila Odinga, jina alilochagua, ambalo kwa Kijaluo ni kimbunga cha vumbi, lilitabiri yaliyofuata: kilivuma, kikapita, na mwaka 2017 kiti cha Rongo kikamponyoka. Eddy Oketch alishindwa na Ochillo Ayacko wa ODM katika uchaguzi mdogo wa useneta wa Migori mwaka 2018, akiwa na Federal Party. Mwaka 2022 akaupata useneta huo huo kwa tiketi ya ODM.

Tangu Raila alipofariki Oktoba 2025, swali la nani abaki ODM na nani atoke linaulizwa waziwazi Homa Bay na Migori. Atakayetaka kutoka atakumba kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010, ambacho bado kinamnyang’anya kiti mbunge anayekihama chama chake, kama ile sheria ya 1966 iliyotungwa kwa ajili ya Odinga. Kwa hiyo wengi watasubiri uchaguzi wa Agosti 2027 ukaribie ndipo waseme wanachokiamini. Hadi siku hiyo, mpiga kura wa Ndhiwa au Uriri ataendelea kuwasikia wakisifu hadharani mambo wanayoyapinga faraghani.