Neva zilizokatika: Kuchelewa ndiko kunakoua mkono

AJALI za bodaboda zimewaacha vijana wengi nchini na mkono unaoning'inia kama kamba, ingawa mifupa imeshaungika na jeraha limepona. Wengi huambiwa wasubiri. Kusubiri kupita kiasi ndiko huwanyima nafasi ya kupona.

Mwendeshaji anapoangukia bega huku kichwa kikisukumwa upande wa pili, neva zitokazo shingoni kuelekea mkononi hunyooshwa, hukatika au hata kung'oka kwenye uti wa mgongo. Neva iliyokatika hufa kuanzia hapo kwenda chini. Nyuzi mpya huchipuka kutoka juu, lakini hukua kwa takriban milimita moja tu kwa siku. Kutoka shingoni hadi kiganjani ni zaidi ya nusu mita, safari ya mwaka mmoja na nusu au zaidi. Misuli nayo haingoji: ikikosa neva kwa muda kama huo, hunyauka isiweze kufufuka.

Hesabu hiyo ndiyo iliyobadilisha upasuaji. Katika miaka ya 1960 na 1970, Hanno Millesi wa Vienna alionyesha kuwa ni heri kuziba pengo kwa vipande vya neva ya mguuni kuliko kuvuta ncha mbili kwa nguvu ili zishonwe. Mnamo 1994, Christophe Oberlin na wenzake nchini Ufaransa walieleza mbinu ya kuchukua nyuzi chache za neva nzima ya mkono huo huo na kuziunganisha na tawi la neva ya msuli unaokunja kiwiko. Kwa kuwa kiungo hicho kiko karibu na msuli, safari huwa fupi.

Hata hivyo, si kila jeraha hupasuliwa papo hapo. Neva iliyokatwa kwa panga au kioo hushonwa ndani ya siku chache. Iliyonyooshwa hufuatiliwa kwa takriban miezi mitatu, kwani huenda ikapona yenyewe. Isipoonyesha dalili, inafaa upasuaji ufanywe kabla ya miezi sita kupita.

Mbinu hizi zahitaji darubini, uzi mwembamba kuliko unywele na wapasuaji ambao ni wachache, wengi wao wakiwa mijini. Lakini kumtambua mgonjwa hakuhitaji darubini. Yatosha mhudumu wa afya amtake ainue bega, akunje kiwiko na kufumba kiganja, kisha amwandikie rufaa mapema. Hospitali za mashinani zisipofanya hivyo, hata mpasuaji hodari atampokea mgonjwa ambaye misuli yake imeshakufa.